Namba Niliyoifuta kwenye Taa za Nyuma

Jumamosi, mwisho wa Septemba. Joto kali. Watu wanachoma mashamba huko milimani na moshi umelala juu ya ziwa tangu Jumatano. Milima ya Kongo haionekani kabisa. Macho yananiwasha. Sijasali adhuhuri wala alasiri, na sina udhuru.

Leo sina sifa za kujipa.

Najua wengi mnaofungua ukurasa huu mnafuata gari. Mwezi wa sita nilipoweka picha za taa za nyuma, kabla na baada, mlinimwagia sifa mpaka kichwa kikavimba. Mmoja wa Dar aliandika kwamba hajawahi kuona taa halisi za kiwandani za gari hili zikiwa safi namna ile. Nilimsomea mke wangu maneno yale. Akasema, "Haya," akaendelea kuchagua mchele. Nikamwona mshamba. Nikayasoma tena peke yangu.

Picha ya "kabla" niliikata upande mmoja. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa aliyefika hapa leo: gari ni la Kijapani, la michezo, milango miwili, la miaka ya sabini. Marehemu kaka yangu alilinunua kwa mhandisi aliyekuwa anahama Kigoma. Kaka alipofariki likabaki chini ya turubai uani kwetu Ujiji, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nimelifufua kwa miaka tisa, kipande kwa kipande: injini, bodi, viti, dashibodi. Kilichonishinda ni taa za nyuma. Kaka aliligongesha kwenye ukuta siku moja, taa zikasagika, akafunga za trekta. Gari zuri vile na taa za trekta, ni sawa na mtu aliyevaa suti na ndala. Kila nilipolisogelea kwa nyuma nilikasirika.

Taa zenyewe ni ndefu. Kila moja ina vyumba vitatu, chekundu, cha machungwa na cheupe, na chini pembeni kuna muhuri wa kiwanda, maandishi ya Kijapani madogo kama punje ya mchele. Hazitengenezwi tena. Za kuiga zipo, lakini hazikai vizuri na hazina muhuri. Mimi nilitaka zenye muhuri. Niliuliza kila fundi kuanzia Kigoma mpaka Tabora, nikawa kichekesho.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, Warundi walipovuka kwa wingi, niliitwa Kagunga kuunganisha nyaya za jenereta pale ufukweni. Nilikuta watu wamejaa mpaka mchanga huuoni. Walikuwa wanasubiri meli iwalete Kigoma. Wazee walikuwa wamelala juani na nzi usoni, wanawake wanachota maji palepale wagonjwa walipokuwa wanaoshwa. Nilipita katikati yao na boksi langu la vifaa, naruka miguu ya watu, na nikaona taa.

Nataka ibaki imeandikwa hivyo. Watu wote wale, na mimi nikaona taa.

Mwanamke mmoja alikuwa amekalia kifurushi, amepakata kitu ndani ya kitenge, na kona ya kioo cha machungwa ilikuwa imechomoza. Nikachuchumaa mbele yake. Sikumpa pole. Sikumuuliza kama amekula.

"Dada, hiyo taa unauza?"

Alivuta kitenge akaifunika. "Oya," akasema, yaani hapana. "Si yangu. Ni ya mume wangu."

Anaitwa Goreti. Nilikaa naye nusu saa, si kwa huruma bali kwa sababu ya taa, na hivyo ndivyo nilivyojua habari zake. Mumewe ni Deo, dereva wa Bujumbura. Gari, la aina ileile ya la kaka, aliachiwa na mwajiri wake wa zamani alipohama nchi. Deo aliwahi kuendesha malori mpaka Dar, akaiona desturi yetu ya kuchora namba ya gari kwenye taa na vioo vya pembeni, ili mwizi aking'oa asipate pa kuuza. Akaipenda. Aliporudi kwao akachora namba yake kwenye taa zote mbili za nyuma, kwa msumari, kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya chumba cheupe. Saba yake ilikuwa na mstari katikati na mkia uliopinda kushoto. Siku ya kukimbia taa ya kushoto ilikuwa imefunguliwa, iko jikoni, Deo alikuwa anabadilisha soketi. Alimpandisha mkewe kwenye boti, akasema yeye atafuata kwa barabara. Katikati ya ziwa Goreti akafungua kikapu atafute sufuria, akakuta katika haraka ile amebeba taa.

"Hata uji sikuweza kupika," aliniambia. "Nina taa ya gari."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikataa kuniuzia. Nilimwachia namba yangu ya simu nikarudi kwenye jenereta.

Mwaka uliofuata akaja mwenyewe Ujiji. Alikuwa amepata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi kuja kutibiwa macho mjini. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, anaona watu kama vivuli. Alinitafuta kwa kuuliza fundi mwenye gari lisilo na taa, na mji mzima ukamwelekeza. Taa ilikuwa kwenye kitenge kilekile.

"Fundi, wewe unaonana na mafundi wengi na wauza vyuma chakavu wengi," alisema. "Mimi sioni. Kaa nayo. Ifunge hata kwenye gari lako, ukipenda. Ila ukiiona namba hii mahali popote, uniambie. Niambie tu."

Nikaapa. Nilisema wallahi, mkono kifuani.

Kabla ya kuondoka alipitisha kidole gumba juu ya namba ile, taratibu, mara mbili, akiisoma kwa ngozi. Nilikuwa namwangalia huku nawaza nitakavyoifungua taa bila kuvunja kioo.

Machi mwaka huu nilikwenda Mwandiga kutafuta waya. Pale barabarani kuna mzee Zabroni, muuza vyuma chakavu, mtu wa maneno mengi na meno machache. Mbele ya banda lake, juu kabisa, palikuwa pametundikwa taa ya kulia kwa waya, uso ukitazama barabarani. Magari yote yanayotoka kambini kuja mjini hupita pale. Nilisimamisha pikipiki katikati ya njia, lori likanipigia honi na matusi juu.

Saba ilikuwa na mstari katikati. Mkia umepinda kushoto.

Nilimwonyesha Zabroni picha ya taa ya kushoto kwenye simu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akamwita Mungu kwa Kiha. "Imana weee! Kumbe mwanamke yupo!" Akaniambia yote bila kuulizwa. Kwamba taa iliachwa na Mrundi mmoja anayeitwa Deo. Kwamba gari lake lilikwama kwenye kizuizi huko kwao, akalikimbia, lakini kwanza akafungua taa ya kulia, kwa sababu jikoni alikuwa ameikosa ya kushoto, akajua mkewe anayo. Alijificha milimani karibu miaka miwili, akilimia watu, halafu akafika Uvinza kwenye chumvi, anapakia magunia. Hana karatasi. Mjini haji kwa hofu ya kukamatwa, kambini haendi kwa hofu ya kuandikwa jina, na kwao hawezi kurudi kwa sababu jina lake linatafutwa. Kila mwisho wa mwezi anakuja na lori la chumvi mpaka hapo Mwandiga, anaitazama taa, anauliza kama kuna mtu aliyeiulizia, anarudi.

Zabroni alipanda ngazi akaishusha mwenyewe. Nilitoa pesa, akanisukuma mkono. "Peleka, Fundi. Mpelekee mke wake. Mungu atakulipa."

Nikaifunga nyuma ya pikipiki. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga kelele, na ninyi mnaofuata magari ya zamani mnaijua furaha hiyo. Pea kamili. Mihuri yote miwili. Nilifika nyumbani nikaziweka mezani sambamba, nikakaa nazo mpaka chai ikapoa.

Kumpata Goreti ilikuwa simu moja tu. Jirani yake kambini ana simu, na namba nilikuwa nayo.

Sikupiga siku ile kwa sababu nilitaka kwanza kuzipima kwenye gari, nione kama zinakaa. Zilikaa. Sikupiga siku ya pili kwa sababu niliwaza: wakikutana, watazitaka. Taa mbili ndizo mali yao iliyobaki, na ni kumbukumbu ya mambo yao. Nani angeniachia? Nikajiambia, ngoja nizisafishe, nizipige picha, halafu nitawaita wote wawili, nitawapa taa zinazong'aa, nitakuwa nimewafanyia jambo. Nikajiona mwema.

Halafu nikafika kwenye namba.

Asiyejua kazi hii aelewe: plastiki ya miaka arobaini hufifia na kuwa na utando. Unaisugua kwa msasa wa maji, kwanza mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, huku unamwagia maji, mpaka utando wote utoke. Halafu unaing'arisha kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia rangi. Ndani unaosha kwa sabuni, unabadilisha soketi, unakata mpira wa tairi la baiskeli kuziba maji. Kwa siku tatu nilifanya hayo yote nikiizunguka ile namba. Ikabaki katikati ya chumba cheupe, taa yote inang'aa na hapo pamechubuka. Ilikuwa inaniharibia picha.

Nilichukua msasa mkali.

Namba haikutoka kirahisi. Deo alikuwa ameikandamiza. Nilisugua taa ya kushoto siku nzima na ya kulia siku nzima, vidole vikavimba. Saba ndiyo iliyochelewa. Ule mkia ulikuwa umeingia ndani, na nilipodhani umekwisha nikakausha kioo, nikauona bado upo, mwembamba. Nikarudia. Msiseme sikujua ninachofanya. Nilikuwa najua mwenye saba yuko Uvinza na mwenye kuisoma kwa kidole yuko kambini, na nilikuwa nasugua.

Baada ya hapo sikuweza tena kumpigia. Ningesema nini? Ukweli ulikuwa umeongezewa kitu cha pili, na cha pili kilikuwa kinanihusu mimi.

Kila mwisho wa mwezi Zabroni alinipigia. "Fundi, yule bwana amekuja. Umempata mkewe?" Nami nikawa nampiga chenga. Kambi ni kubwa, mzee. Amehamishwa sehemu nyingine. Naendelea kuulizia. Kesho nitamtuma mtu. Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti. Mwezi wa sita alinipigia siku ileile mliyokuwa mnanipongeza, nikamjibu haraka ili nirudi kusoma pongezi.

Jumanne hii Goreti alikuja.

Macho yamezidi. Alishika ukuta wa nyumba yetu mpaka uani, mke wangu akamkalisha kwenye kiti akampa maji. Alikuwa na penseli na kipande cha karatasi.

"Nimejiandikisha kurudi nyumbani," alisema. "Mabasi yanatoka kambini Jumamosi asubuhi."

Ukoo wa Deo umeamua amekufa. Miaka mitatu na nusu bila neno, wamechoka kusubiri. Shemeji yake amemtumia ujumbe aje waganduke, ndivyo wanavyoita wao, kufunga matanga rasmi. Akishafika, baada ya wiki mbili, watu wanakusanyika, pombe inanywewa, marehemu anaagwa na mjane anaanza maisha mengine. Alikuwa amekwisha kurudisha kadi yake ya kambi. Ukishasaini kurudi hawakupokei tena kirahisi.

"Hatuna mwili, hatuna hata shati lake," alisema. "Taa nilishakupa, sikunyang'anyi. Nataka namba tu. Nitaweka karatasi juu yake nisugue kwa penseli, nipeleke. Ni mkono wake ule."

Mke wangu alikuwa amesimama palepale.

Nilimpeleka Goreti nyuma ya gari. Nilimshika mkono kwa adabu nikauweka kwenye taa ya kushoto. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja katikati ya chumba cheupe. Kikasimama. Kikaenda kulia, kikarudi kushoto, kikapanda juu, kikashuka. Nilihesabu fito za ua wetu. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Haipo," akasema.

"Jua," nikasema. "Plastiki huliwa na jua. Imefutika yenyewe."

"Jua," akarudia.

Mkono wake ukateleza mpaka ng'ambo ya pili, ukagusa taa ya kulia. Uso ukambadilika. "Umepata nyingine! Umeipata wapi?"

Huo ndio ulikuwa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, hata mtu mwovu angeweza kupita.

"Japani," nikasema. "Imekuja kwa meli."

Kidole kikatafuta na pale, mahali palepale. Kazi yangu ni nzuri. Hakugusa kitu.

"Hongera, Fundi," alisema, na alimaanisha. "Umehangaika sana na gari hili."

Akaomba niandike namba ya simu ya shemeji yake, endapo nitasikia lolote kabla hawajaganduka. Niliokota karatasi iliyokuwa karibu, nikaandika kwa penseli yake. Ilikuwa kipande cha msasa, upande wa nyuma. Ile karatasi yake aliikunja tupu akairudisha kwenye kitenge.

Alipoondoka mke wangu aliniuliza jambo moja tu. "Ile taa ya pili si ulitoka nayo Mwandiga?" Nikamwambia asiingilie kazi za watu. Hajanisemesha tangu siku hiyo, chakula nakuta kimefunikwa.

Leo asubuhi niliamka nikijua mabasi yanaondoka. Nilifanya kazi mpaka saa nne, au nilijifanya. Nikapanda pikipiki kwenda Mwandiga. Mwisho wa mwezi. Nilijua nitamkuta. Njia nzima nilikuwa narudia sentensi moja kwa sauti ndani ya kofia ngumu: Mkeo ameondoka leo, na mimi ndiye niliyemwacha aondoke. Mkeo ameondoka leo, na mimi ndiye niliyemwacha aondoke. Nilipofika Rusimbi nilikuwa naisema vizuri.

Deo alikuwa amekaa juu ya rimu la lori mbele ya banda. Nilimtegemea mkubwa, sijui kwa nini, labda kwa jinsi alivyokandamiza msumari. Ni mwembamba. Vidole vyake vimechanika kwa chumvi, vina mipasuko myeupe kila kiungo. Zabroni akasema, "Ndiye huyu," na yule bwana akaruka akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu. Nilijibu, na sauti ikatoka ya kawaida.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. "Murakoze cane, asante sana, mzee. Zabroni ameniambia unavyomtafuta. Miezi sita. Hata ndugu yangu wa damu asingehangaika hivyo."

Nikafungua mdomo nianze na sentensi yangu. Kilichotoka ni, "Zile taa..."

Akacheka. Cheko la kweli, la mtu asiyecheka mara nyingi. "Taa? Kaa nazo, mzee! Nizifunge wapi, kwenye baiskeli ya jirani? Gari wamekwisha kulichoma. Nilimwambia Zabroni tangu siku ya kwanza, atakayemfikia mke wangu taa zote mbili ni zake." Akamgeukia. "Hukumwambia?"

"Angenipa nafasi?" Zabroni akasema. "Aliondoka mbio utadhani ameiba."

Waliangua kicheko wote wawili. Nami nikacheka. Naandika hili kwa sababu nimeamua kuandika kila kitu: nilicheka nao.

Zilikuwa zangu. Tangu Machi zilikuwa zangu. Ningepiga simu moja, mtu na mkewe wakutane hapo kwa Zabroni chini ya bati, na mimi nirudi Ujiji na taa zangu na namba yao ikiwa juu yake, na hakuna mtu duniani ambaye angenidai chochote. Nilichokuwa naogopa kunyang'anywa nilikuwa nimekwisha kupewa.

"Kwa hiyo, mzee," Deo akasema, bado ameshika mkono wangu, "kuna habari yoyote?"

Mabasi yalikuwa njiani saa hiyo. Labda yalikuwa yamefika mpakani. Yeye hawezi kuvuka kumfuata, na mkewe hana tena kadi ya kurudia. Nilimtazama usoni na mkono wangu ukiwa ndani ya ile mikono iliyopasuka.

"Bado," nikasema. "Naendelea kuulizia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea. "Basi nitakuja mwisho wa mwezi ujao."

Halafu akaniletea kiroba cha chumvi. Alikuwa amekibeba kutoka Uvinza kwa ajili yangu, zawadi, kwa miezi sita ya kumtafutia mke. Akakifunga yeye mwenyewe nyuma ya pikipiki, akavuta kamba kuhakikisha haitafunguka njiani.

Nimerudi. Mke wangu ameona kiroba, amekipita. Nimeketi hapa uani nikiandika kwenye simu, na mbele yangu gari limenipa mgongo. Taa ni safi. Kwenye ile ya kulia, jua linapoipiga kwa ubavu, naona kitu chembamba katikati ya chumba cheupe. Inawezekana ni mkia wa saba. Inawezekana ni macho yangu na moshi huu. Nimejaribu kukumbuka namba yote ilivyokuwa, tarakimu moja baada ya nyingine, nami niliisugua siku mbili nzima. Ninayoikumbuka ni saba tu. Picha ya "kabla" ambayo sikuikata ninayo bado. Nitaiweka hapa chini, nzima, ili iwepo mahali.

Kipande cha msasa kiko mezani, upande wenye namba ya shemeji ukiwa juu. Matanga yatafungwa baada ya wiki mbili. Wakishaganduka, Deo ni marehemu kwa kila mtu isipokuwa mimi na Zabroni, na mwisho wa mwezi marehemu atakuja Mwandiga kuniuliza habari za mkewe.

Kesho ndilo neno nililomlisha Zabroni tangu Aprili, kwa hiyo sitasema kesho. Nimewaandikia ninyi kwanza kabla ya kupiga simu ile. Najua kwa nini. Ninyi mtasoma, mtanitukana kidogo, kisha mtaniuliza nilitumia dawa gani ya kung'arishia.

Nimeshika simu sasa. Nikimwambia Goreti kwamba Deo yu hai, atalia, atamshukuru Mungu, atanishukuru na mimi. Halafu ataniuliza nimejua lini.